Gesi Iliyotupa Chuma

Usiku mmoja wa mvua, mdogo wangu aliingiza jiko la mkaa kwenye chumba alichopanga Bukoba, akafunga dirisha. Asubuhi majirani walivunja mlango. Alipona, tunamshukuru Mungu, ila kwa wiki kadhaa alikuwa akilisahau hata jina la bibi yetu kule Kamachumu, Muleba.

Iliyomlaza ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kung'ang'ania chuma kilichomo, palepale oksijeni ilipopaswa kukaa.

Nikaanza kuisoma kama mtu anayepeleleza ukoo wa adui yake, na ukoo huo ukanirudisha nyumbani. Pale Katuruka, Maruku, miaka ya 1970, Peter Schmidt alichimba penye mti wa Kaiija, mahali ambapo wazee walisimulia kuwa palikuwa pa wahunzi. Akakuta kweli mabaki ya ufuaji chuma wa kale. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science jinsi Wahaya walivyopata chuma. Ndani ya tanuri, mkaa ukibanwa hewa hutoa gesi hiyohiyo. Huyanyang'anya mawe oksijeni yake, kinabaki chuma. Kumbe wazee wetu walikuwa wanaitumikisha!

Leo inanaswa kwa tabia yake ileile. Chuma kikichomwa hewani kwa nyuzi kama 700, juu ya gamba lake la kutu huota vinyweleo: nyaya za oksidi ya chuma. Unywele wako una upana wa nanomita kama 80,000. Nyingi ya nyaya hizi hazifiki 200. Kwa wembamba huo, zina ngozi kubwa sana ukilinganisha na ujazo wake. Oksijeni ya hewani hukaa juu ya ngozi hiyo na kushikilia elektroni. Gesi ikipita huichukua oksijeni, elektroni zinaachiwa, umeme unapita kirahisi zaidi, king'ora kinalia. Oksidi ya zinki nayo hufanya kazi hiyo.

Nilimweleza bibi yote haya kwa simu, kwa madaha kidogo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Sasa mjukuu wangu, hicho kidude mmeshamnunulia?"

Nilinyamaza. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimemtumia mdogo wangu makala tu.