Pini za Rukwa

Enzi zile matetemeko ya ardhi tuliyachomeka ukutani. Ramani ya Tanzania na jirani zake ilifunika ukuta mzima, na kila taarifa ilipoingia, mzee wa chumba cha ramani alichukua pini: nyekundu kwa tetemeko kubwa, njano kwa dogo. Zilisongamana kandokando ya Ziwa Tanganyika na Rukwa, zikajitokeza kidogo Manyara na Natron. Kwingine karatasi tupu.

Leo kompyuta hufanya kazi hiyo kwa dakika. Kila kitovu hutandazwa kama lundo la mchanga; malundo yanapopandana, rangi hukolea. Kisha tunahesabu: tetemeko hili lina majirani wangapi ndani ya kilomita 10, 20, 50? Je, wanazidi wale ambao wangepatikana kama matetemeko yangetawanyika ovyo? Hesabu hiyo ya Brian Ripley, ya miaka ya 1970, naipenda kwa dhati. Julai 2007, mlima Gelai, karibu na Natron, ulipotikisika hata Nairobi wakahisi, majirani walikuwa wengi mno, na lile kubwa la kipimo cha 5.9 lilitanguliwa na madogo. Magma ilikuwa ikijipenyeza mwambani. Septemba, volkano jirani ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka.

Lakini hesabu hujua tu kile mitambo ilichokisikia. Weupe kwenye ramani waweza kuwa ardhi tulivu, au ardhi isiyo na kituo cha kupimia. Kagera, kando ya mkondo wa magharibi wa Bonde la Ufa, ilikuwa na rangi hafifu ukiilinganisha na Ziwa Tanganyika. Jumamosi ya 10 Septemba 2016 likaja tetemeko la 5.9, nyumba zikabomoka Bukoba, watu wasiopungua 17 wakafa.

Ndipo nawakumbuka wazee wa Rukwa. Nilipoanza kazi, walioshuhudia tetemeko la Rukwa la Desemba 1910, la 7.4, wakiwa watoto, walikuwapo bado. Mwalimu mmoja alituandikia kwamba bibi yake alisimulia mitungi ilivyoanguka, na kwamba ardhi iliendelea kutetema mpaka mahindi yakaiva. Mpaka mahindi yakaiva! Miezi mizima ya mitetemo. Ofisini hapakuwa na fungu la mafuta ya gari. Hakuna aliyetumwa kumsikiliza bibi huyo.

Wengi waliolihisi lile la Bukoba wako hai. Waulizwe sasa: ilikuwa saa ngapi, ukuta upi ulitangulia kuanguka, ulilalia upande gani, ardhi ilitulia baada ya siku ngapi.