Ahadi ya Alhamisi: Biashara Ndogo Inapokua Kisii na Nyamira



Atokaye pwani kwenda Kisii hupita Nairobi, huteremka Bonde la Ufa hadi Narok, kisha hushika njia ya Bomet na Sotik. Akishaingia nchi ya Abagusii, joto humwacha na milima hufuatana, kila mmoja umevikwa chai, mahindi au migomba hadi kileleni. Watu ni wengi na ardhi ni haba. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, hata likabaki ukanda usiotosha kulisha nyumba. Ndiyo sababu mikono mingi imeliacha jembe ikatafuta riziki mjini: kunyoa, kusuka, kushona, kupika, kubeba abiria kwa bodaboda.

Tulisimama kwanza Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, mji huu mmoja una mamlaka mbili, na mvutano juu ya nani atoze ushuru umezuka mara kwa mara. Mwenye kibanda hapo hujifunza mapema kwamba kuipanua kazi yake hadi ng'ambo ya pili si suala la wateja pekee; kuna leseni na ada za kuulizia kwanza.

Kisii mjini mabadiliko ni makubwa zaidi. Kuna hospitali kuu ya rufaa, kuna Chuo Kikuu cha Kisii kilichopewa hati yake mwaka huo huo wa 2013, na kila mgeni anahitaji kula, kunyolewa na kushonewa. Waislamu ni wachache, nao hujuana.

Mmoja wao, mama mjane, fundi wa cherehani, alitukaribisha dukani kwake. Kwa miaka mingi alishona peke yake, sare za shule na nguo za harusi, na ahadi yake ilijulikana: akisema Alhamisi, ni Alhamisi. Sifa hiyo ilimletea wateja, na wingi wa wateja nusura uiue sifa yenyewe. Shule zilipokaribia kufunguliwa alipokea kila kazi iliyomjia, akanunua cherehani mbili kwa mkopo, akaajiri wasichana wawili. Vipimo vikachanganyika, wazazi wakasimama mlangoni na watoto wao hawana sare. Fedha ziliingia kwa simu na kutoka kwa simu hiyo hiyo, za unga na za karo humo humo.

"Shekhe," alituambia, "sijawahi kuwa na kazi nyingi kama wakati ule, na nilikuwa nakopa nauli ya kurudi nyumbani."

Dawa yake ilianza na daftari. Kila nguo ikaandikwa mwenyewe, vipimo, malipo ya kwanza na siku ya kuchukuliwa. Ukurasa wa wiki ukijaa, mteja mpya hupewa wiki ijayo, hata awe jirani. Kazi aliigawa: yeye hupima na kukata, msichana mmoja hushona, wa pili hutia vifungo na kupiga pasi, na hakuna nguo itokayo kabla hajaikagua mwenyewe. Malipo ya wateja yakapata namba yake, mbali na simu ya nyumbani, naye akajiwekea ujira kama mwajiriwa, asichukue zaidi. Cherehani moja aliiuza akapunguza deni. Baadhi ya wateja walimhama, lakini Alhamisi ikarudi kuwa Alhamisi.

Mgawanyo kama huo si mgeni katika nchi ile. Huko Tabaka, jiwe la sabuni huchimbwa na kuchongwa zaidi na wanaume, na wanawake hulisugua kwa maji na msasa hadi likawa laini. Kila mmoja anajua kazi yake inapoanzia na inapokomea.

Nasi Waislamu mafunzo haya tunayo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Katika Suratul Qasas, binti aliyemshauri baba yake amwajiri Nabii Musa, amani iwe juu yake, alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Wengi wetu huajiri kwa sifa ya tatu, undugu, kisha tukalalamika. Naye Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuza biashara kwa kuwakabidhi watu mtaji na kugawana nao faida. Njia hiyo ingali wazi kwa anayeogopa mkopo wa riba.

Basi, mama zetu na dada zetu mnaopika mahamri, mnaopaka hina na kushona mabuibui, kabla ya kupokea kazi za Idi ijayo hesabuni kwanza ni ngapi mnazoweza kuzimaliza kwa wiki bila kuvunja ahadi. Mkiajiri binti wa watu, mpeni ujira wake kwa siku mliyopatana. Na kazi ikizidi uwezo, ikataeni kwa kauli njema: riziki iliyoandikwa haitapotea, lakini mteja aliyedanganywa ni vigumu kurudi.

Wabillahi tawfiq.