Nesi wa Kuhesabu Matone

Mkoani Tanga mwanamke akiitwa jina huitika "abee". Ndivyo alivyolelewa. Tatizo la wodini ni kwamba huitika hata akiitwa jina lisilo lake, hasa akiwa na homa, kasikia nusu, na aliyemwita kavaa gauni jeupe. Kwa hiyo nesi anayesimuliwa hapa, ambaye ndiye huyuhuyu anayeandika, hakumruhusu mwanafunzi asimame mlangoni na toroli la dawa akaita, "Amina!" Wodi moja iliweza kuwa na akina Amina watatu, na siku za mafuriko ya wagonjwa wawili kati yao walilala kitanda kimoja, mzungu wa nne. Mwanafunzi alitakiwa aende mpaka kitandani, asalimie, aulize, "Mama, jina lako kamili nani?" kisha anyamaze na kulisikiliza jibu, macho yakiwa kwenye chati. Akiuliza, "Wewe ndiye Amina?" alirudishwa mlangoni kuanza upya, maana swali hilo mgonjwa mwenye adabu hulijibu ndiyo.

Alianza kazi mwaka 1986 katika hospitali ya wilaya. Malaria wakati huo ilitibiwa kwa klorokwini, na wodi nzima ilijikuna usiku kucha kwa muwasho wake. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha klorokwini na kuingia kwenye SP (sulfadoksini na pirimethamini). Mwishoni mwa 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto, ALu. Kila dawa ilipobadilishwa, waliohitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi walikuwa manesi wazoefu. Mwanafunzi hana cha kusahau, anasoma karatasi. Mzoefu mkono wake unaikumbuka dozi ya zamani kabla macho hayajafika kwenye mpya, na ni mkono huo aliokuja kuufundisha kwa miaka yote iliyofuata.

ALu yenyewe ilionekana rahisi: dozi sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Lakini dozi ya pili huja saa 8 baada ya ile ya kwanza, na zilizobaki asubuhi na jioni. Mama mwenye mtoto anayetapika mgongoni hawezi kuachiwa hesabu hiyo. Nesi aliimaliza yeye mwenyewe palepale dirishani: "Amemeza sasa, saa nne asubuhi. Cha pili mpe saa kumi na mbili jioni, magharibi ikikaribia. Akitapika kabla nusu saa haijaisha, mrudishie dozi hiyohiyo, kisha uje uchukue nyingine." Halafu akamwambia mama arudie maelekezo kwa mdomo wake. Wanafunzi waliona anapoteza muda. Foleni ni ndefu, kweli, lakini mama aliyerudia maelekezo mara moja hakurudi kesho yake na mtoto mwenye degedege kwa sababu ya dozi iliyokosewa saa.

Kilichompa jina wodini ni dripu za kwinini. Kabla ya sindano za sasa, malaria kali ilitibiwa kwa kwinini ndani ya dekstrozi ya asilimia 5, ikapita polepole kwa saa 4. Ikikimbizwa, presha inashuka na mapigo ya moyo yanavurugika. Isitoshe, kwinini huisukuma kongosho itoe insulini, sukari ya mgonjwa ikaanguka kimyakimya, na anayedhaniwa kalala kumbe anazimia. Nesi alivaa saa kifuani, ya mshale wa sekunde, akawafundisha wanafunzi hesabu moja: mililita za chupa, mara matone yanayofanya mililita moja kama ilivyoandikwa kwenye pakiti ya mpira wa dripu, gawanya kwa dakika. Chupa ya mililita 500, mpira wa matone 20, saa 4: inatoka matone 42 kwa dakika. Unainama, unatazama kile kichupa cha matone, unahesabu dakika nzima. Aliyehesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne alikubaliwa, ila si kwa mgonjwa wa kwanza wa zamu.

Adui wa matone 42 alikuwa ndugu wa mgonjwa. Watu wengi huamini dripu ni chakula, na kwamba ikiisha upesi mgonjwa anapona upesi. Kuna mjomba mmoja aliyekuwa anawahi basi la Lushoto. Akaona maji "yanachelewa", akakizungusha kigurudumu cha kwenye mpira wa dripu mpaka mwisho, akaaga. Nesi hakumlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kigurudumu kile kina kazi gani. Tangu hapo kila chupa ilibandikwa ukanda wa plasta kutoka juu hadi chini, na juu yake kwa kalamu: saa mbili, saa tatu, saa nne, mpaka mwisho. Anayepita saa tatu na kukuta maji yako chini ya alama ya saa nne hana haja ya kuuliza. Na ndugu wakaambiwa kabla ya kukaa: maji haya yana dawa kali, kigurudumu hiki ni cha nesi peke yake.

Kisha ikaja sindano ya artesunati. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, ulipima sindano hiyo dhidi ya kwinini. Muheza na Korogwe vilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliotibiwa kwa artesunati asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wenye malaria kali. Nesi wa saa ya kifuani alifurahi kama kila mtu. Hata hivyo aliona mapema kwamba hatari haikuondoka, ila imehama kutoka kwenye matone na kuingia kwenye kuchanganya.

Kichupa cha miligramu 60 ni cha unga. Kwanza unaweka mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nayo, unatikisa mpaka dawa iwe angavu kabisa. Pakibaki ukungu, unatupa. Halafu unaongeza mililita 5 za dripu ya chumvi au ya dekstrozi kama unachoma kwenye mshipa wa damu, mililita 2 kama unachoma kwenye msuli wa paja. Si maji ya sindano. Dawa itumike ndani ya saa moja. Hapo ndipo mtego ulipo: mchanganyiko wa mshipa una miligramu 10 katika kila mililita, wa msuli una 20. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 30. Kwenye mshipa hizo ni mililita 3, kwenye msuli 1.5. Mwanafunzi aliyechanganya kwa ajili ya msuli, kisha akavuta kwa hesabu ya mshipa, ameshampa mtoto dozi maradufu bila kukosea hatua hata moja anayoikumbuka. Dawa iliyo ndani ya bomba haina sura. Kwa macho zote ni maji. Nesi akaweka amri kwamba hakuna bomba linaloondoka mezani bila kipande cha plasta chenye jina la mtoto, jina la dawa, miligramu na njia. Bomba lisilo na plasta linamwagwa, hata kama aliyelivuta ni daktari bingwa.

Wodi ya vichanga ilimpa somo alilolipenda kuliko yote, na aliliona kwa macho. Kichanga cha kilo 2.8 kiliandikiwa gentamisini, miligramu 5 kwa kilo. Daktari aliandika "14.0 mg" kwa kalamu inayoishiwa wino, ile nukta haikutoka vizuri, ikasomeka 140. Ampuli ni ya miligramu 80 katika mililita 2. Dozi halisi ni mililita 0.35, matone machache ndani ya bomba dogo. Dozi ya 140 ni mililita 3.5. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alivunja ampuli ya kwanza, akavuta yote, akashika ya pili. Akasimama.

"Sista, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Huyu mtoto ni wa ampuli mbili?"

Hakuna kichanga wa ampuli mbili za gentamisini. Msichana yule hakujua bado figo za mtoto mchanga zinafanyaje kazi wala dawa hii inavyoharibu masikio. Alikuwa ameambiwa tu, siku ya kwanza wodini, kwamba ukijikuta unafungua ampuli ya pili kwa mgonjwa mmoja, hasa mdogo, uache kila kitu uulize. Daktari alipoitwa alikuja, akarekebisha, akashukuru. Tangu hapo wodi hiyo haikukubali sifuri nyuma ya nukta: 14, si 14.0. Mbele ya nukta sifuri ni lazima: 0.5, kamwe si .5. Insulini nayo iliandikwa "yuniti" kwa herufi zote, maana ile U ya haraka inafanana na sifuri, na yuniti 4 zinageuka 40.

Leba ilikuwa na hesabu yake. Magnesiamu salfeti ya mama mwenye kifafa cha mimba huja ikiwa ya asilimia 50, na ya kuanzia kwenye mshipa inatakiwa iwe ya asilimia 20: mililita 8 za dawa, 12 za maji ya sindano, jumla 20, ambazo ni gramu 4, zinasukumwa polepole kwa dakika 5 au zaidi. Kabla ya kila dozi inayofuata, gonga goti uone kama linaruka, hesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, tazama mkojo. Ampuli ya kalsiamu glukoneti, ya kuizima magnesiamu ikizidi, ikae mezani, isiwe kabatini, achilia mbali kabati ambalo mwenye ufunguo amekwenda kunywa chai.

Kuhusu kabati, nesi huyu aligombana sana na mpangilio. Ampuli za potasiamu kloridi na za maji ya sindano zilikuja ukubwa ule ule, plastiki ile ile, maandishi madogo ya rangi zinazokaribiana, na mtu mwenye nia njema alizipanga pamoja ili trei ipendeze. Potasiamu isiyochanganywa ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa inasimamisha moyo. Akazihamishia ampuli za potasiamu kwenye kabati la kufuli pamoja na mofini, akaulizwa anajifanya nani. Wenzetu wenye mashine za kila aina nao yamewafika: mwaka 2007, katika hospitali moja ya Los Angeles, mapacha wachanga wa mwigizaji Dennis Quaid walipewa heparini ya yuniti 10,000 kwa mililita badala ya 10, kwa sababu vichupa viwili vilikuwa na lebo za bluu zilizofanana. Watoto walinusurika. Nesi alikisimulia kisa hicho kwa kila kundi jipya, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Zile "sahihi" tano, yaani mgonjwa, dawa, dozi, njia na wakati, kila mwanafunzi hufika wodini akizijua kama wimbo. Chuo kinamuuliza, anajibu, anapewa alama. Nesi hakuwahi kuzidharau, lakini alipenda kuangalia mambo ambayo mtihani hauyaoni. Je, lebo imesomwa dawa inapotolewa kabatini, ikasomwa inapovutwa, ikasomwa tena kabla chupa haijarudishwa? Je, ameuliza kama dawa fulani huwa inamdhuru mgonjwa, na kama ndugu wamemletea vidonge kutoka duka la dawa au dawa ya mitishamba ndani ya chupa ya chai? Je, amesaini baada ya kumeza au kabla? Kusaini chati zote ofisini ili "kupunguza kazi" ndilo kosa lililomkasirisha mpaka akapandisha sauti, na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Saini ilikuwepo, mgonjwa yuko chumba cha upasuaji, na kidonge chake kiko juu ya kabati kinaliwa na sisimizi.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kupunguza madhara makubwa ya dawa yanayozuilika kwa nusu ndani ya miaka mitano, likakadiria gharama ya makosa ya dawa duniani kuwa dola bilioni 42 kwa mwaka. Wodini kwake kampeni ilifika kama bango, likabandikwa juu ya meza ya dawa, mahali pekee palipokuwa na mwanga wa dirisha. Alilihamisha. Meza ya kuchanganyia dawa inahitaji mwanga kuliko inavyohitaji bango.

Alistaafu akiwa na miaka 60, na sasa anafundisha kwa mkataba siku chache za juma. Ombi lake kwa waganga wafawidhi na matroni wanaopokea wanafunzi ni la vitu vinavyonunulika: mizani inayofanya kazi katika kila wodi ya watoto, mabomba ya mililita 1 yasiyoisha, saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, na katika kila raundi ya dawa nesi mmoja asiyeitwa pengine mpaka raundi iishe, ili mwanafunzi mwenye ampuli ya pili mkononi apate wa kumuuliza.