Ndita, Sindano na Sijida

Nilipoanza kazi ya unesi katika kliniki ya ngozi jijini London mwaka 2006, sindano za kuondoa ndita zilikuwa shughuli ya mapumziko ya mchana. Mteja alitoka ofisini, akapanda kitandani, akakunja uso ili daktari aweke alama kwa penseli nyeupe, akachomwa, kisha akarudi kazini akiwa na vivimbe kama vya kuumwa na mbu. Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Swali kuhusu dawa anazotumia lilikuwa mwishoni kabisa, na wengi waliliruka.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa dawa. Kichupa cha Botox cha uniti 100 ukikiinua kwenye mwanga utadhani ni kitupu, mpaka uone utando mwembamba chini. Ukitoboa kizibo kwa sindano yenye maji ya chumvi, kichupa huyavuta maji chenyewe kwa kuwa ndani hewa imeondolewa, kisipovuta, hakitumiki. Hiyo ni sumu ileile ya bakteria ambayo daktari Mjerumani Justinus Kerner aliieleza mapema karne ya 19, baada ya watu kufa kwa kula soseji zilizoharibika. Alan Scott wa San Francisco ndiye aliyeigeuza tiba ya makengeza, na Marekani ikaiidhinisha Desemba 1989. Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, akaona wagonjwa aliowatibu kope zinazokakamaa wakipoteza na ndita za katikati ya nyusi. Yeye na mumewe Alastair walichapisha habari hiyo mwaka 1992. Nilijua historia hiyo, na haraka ile ya mchana ilinikera tangu mwanzo. Uniti 20, sehemu tano kati ya nyusi, ni kiasi salama mikononi mwa anayejua msuli uko wapi na anayemjua aliyelala mbele yake.

Mambo yalibadilika kidogokidogo. Mwaka 2012 baraza la madaktari la Uingereza liliwakataza madaktari kuandika dawa hii kwa simu au video bila kumwona mtu ana kwa ana. Oktoba 2021 England ikapiga marufuku kuwachoma walio chini ya miaka 18 kwa ajili ya urembo. Fomu ikarefuka, na swali la dawa likapanda juu. Una mimba? Unanyonyesha? Una ugonjwa wa misuli kuishiwa nguvu? Umechomwa gentamisini hivi karibuni? Jibu likiwa ndiyo, siku hiyo hapachomwi mtu. Tuliwaomba wateja pia waache pombe kuanzia siku ya kuamkia sindano, na kwa wiki nzima kabla yake waache ibuprofeni, mafuta ya samaki na vidonge vya kitunguu saumu, ili damu isivilie. Lakini aspirini aliyoandikiwa mtu kwa ajili ya moyo haiachwi bila ruhusa ya daktari wake. Hilo nililirudia kwa kila mtu. Alama ya damu kuvilia hufifia, na hakuna ndita inayostahili kuhatarisha moyo.

Mabadiliko ninayoyakumbuka zaidi yaliletwa na mama mmoja wa Mombasa. Nilimwamkia shikamoo, akafurahi kupata wa kusema naye Kiswahili. Akasoma karatasi ya maelekezo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwanangu, hapa wanasema nisilale wala nisiiname kwa muda wa saa nne, na uso nisiusugue. Alasiri yangu nitaiswali vipi?”

Karatasi haikuwa na jibu. Nikamweleza sababu: dawa ikisambaa hadi kwenye msuli unaoinua kope, kope hulegea kwa wiki kadhaa. Ushahidi wa hizo saa nne si mkubwa, ni tahadhari tu. Tunachokiogopa hasa ni kusugua na kukandamiza. Ila kwenye sijida paji la uso hugusa zulia, na hapo ndipo palipochomwa. Kama sindano yenyewe inafaa kidini, hilo nilimwachia yeye na shekhe wake. La saa tulilipanga pamoja. Mwezi Juni London, adhuhuri huingia saa saba na alasiri baada ya saa kumi na moja, kwa hiyo nafasi ipo. Desemba swala hufuatana upesi mno, na njia ni kuja baada ya isha, siku ambayo kliniki hufungwa usiku. Udhu achukue kabla ya kuja. Atakaporudia, maji ayapitishe usoni taratibu, na ushungi asiukaze kwenye paji.

Akawaambia wenzake, nao wakaja, wengi wao wakiwa na arusi za mabinti zao. Hao niliwahimiza waje wiki mbili kabla, au mapema zaidi. Dawa huanza kuonekana baada ya siku chache lakini hukamilika karibu na siku ya 14, na kama nyusi moja imepanda kuliko nyingine, inarekebishwa wakati huo. Singo na liwa za usoni zifanywe kabla ya sindano, maana mkono wa msingaji haujui kugusa kidogo. Siku ya kwanza hakuna mazoezi mazito wala mvuke.

Hatimaye kliniki ilinikubalia kuandika maelekezo hayo kwa Kiswahili. Juu kabisa, kabla ya habari za swala na singo, niliandika kwa herufi nene kwamba anayeshindwa kumeza, kusema au kupumua, hata kama zimepita wiki kadhaa, aite gari la wagonjwa kwa 999 na ataje sindano aliyochomwa.