Napenda Bunduki Zilizotengenezwa kwa Mkono. Nisikize Kwanza

Mama hakushika simu zangu kwa siku 9. Sababu ilikuwa video ya sekunde 18.

Kama umenifuata kwa muda, unajua mimi ni mtu wa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono. Nimewapeleka Kamukunji mkaona mafundi wakigonga masanduku ya chuma. Nimewaonyesha nganya ikivuliwa mabati na kuvalishwa upya. Kwa hivyo rafiki yangu mmoja mwenye leseni ya bastola, ambaye hushindana kulenga shabaha, aliponiambia twende naye uwanjani huko Kiambu Jumamosi, nilikubali kabla hajamaliza kuongea.

Bastola yake ni CZ 75. Sisi Wakenya tungesema ni Ceska, ingawa hilo jina tunalipachika karibu kila bastola inayotajwa kwa taarifa ya habari. Neno lenyewe linamaanisha "ya Kicheki" tu, kwa sababu kiwanda kinatoka huko. Muundo huu ulitoka 1975, na mpaka leo wanamashindano wanaupenda kwa vile unakaa vizuri mkononi.

Lakini ya huyu msee haikuwa vile ilivyotoka kwa sanduku. Mbao za mpini zilikuwa zimekatwa upya kufuata kiganja chake, kwa sababu ana vidole vifupi. Triga ilikuwa imelainishwa, haikwami popote ikivutwa. Alama ya kulenga ya mbele ilikuwa na kijiti chembamba kinachonasa mwanga wa jua na kung'aa nyekundu, ili jicho likipate haraka. Pale magazini inapoingilia, mdomo umepanuliwa kidogo ili asikwaruze akiwa mbio. Nilimuuliza gani kati ya hizo ni ya urembo. Akasema hakuna. Kila kitu kina kazi yake.

Hapo ndipo nilinaswa, bana. Mtu wa nganya anaelewa hii kitu. Gari linatoka kiwandani likiwa la kila mtu, halafu fundi analifanya kuwa la mtu mmoja.

Nilirudi nyumbani nikakesha nikisoma. Nikapata habari ya Bill Wilson wa Berryville, Arkansas, huko Marekani. Familia yake ilikuwa na duka la vito na saa, na yeye alijua kazi ya saa. Mwaka wa 1977 akaanza kurekebisha bastola hapo nyuma ya duka, hasa ile ya 1911 aliyoibuni John Browning. Leo Wilson Combat ni jina kubwa, na bastola moja yao inaweza kukugharimu maelfu ya dola. Ukifikiria vizuri inaingia akilini: fundi wa saa amezoea vyuma vidogo vinavyosuguana, na anajua tofauti ya unywele mmoja.

Huo mwaka wa 1977 ulinikwama kichwani, kwa sababu kwetu unamaanisha kitu kingine. Ndio mwaka Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na babu yangu akakosa kazi.

Babu alikuwa wa Kibwezi. Miaka ya sitini na mwanzo wa sabini aliwabebea bunduki wageni waliokuja kuwinda. Kazi yake ilikuwa kutembea hatua moja nyuma ya mzungu, kumpa bunduki kwa wakati, na jioni kuisafisha. Alituhadithia sana kuhusu bunduki moja ya Rigby kutoka London. Rigby ni kampuni ya zamani mno, ilianzia Dublin 1775, na risasi yao ya .416 ya mwaka wa 1911 ilitengenezwa kwa wanyama wakubwa kama nyati na ndovu. Bunduki za namna hiyo zilikuwa zinapimwa kama suti. Fundi anataka kujua mkono wako ni mrefu kiasi gani, bega lako limekaaje, shavu lako linalala wapi kwenye kitako. Halafu anachonga mbao ya mti wa jozi ikutoshe wewe peke yako.

Babu alijua ile mbao kuliko mwenyewe. Alijua mistari yake, alijua mahali ilipokwaruzwa na miiba. Lakini ilikuwa imepimwa kwa mkono wa mtu mwingine. Aliibeba miaka na hakuwahi kumiliki hata risasi moja.

Sasa turudi kwa ile video. Pale uwanjani sikuigusa bastola. Nilirekodi tu mikono ya rafiki yangu. Kosa langu lilikuja nyumbani: niliweka mdundo mzito chini yake na kuandika "Huyu mrembo ataniua." Ilikuwa utani. Watazamaji walikuja wengi kuliko video yangu yoyote ya mwaka huu.

Mama pia aliiona.

Mama alikuwa na kaka mmoja. 2003 alipigwa risasi ndani ya matatu usiku, wakitoka town kwenda Dandora. Waliomuua walikuwa na bastola na walitaka simu. Mimi nilikuwa mdogo sana, namkumbuka tu kwa picha. Lakini hiyo hadithi nimeijua maisha yangu yote, na bado niliandika yale maneno. Sina cha kujitetea.

Siku ya 9 nilipanda gari nikaenda nyumbani. Nilimweleza yote: fundi wa saa, mbao, Rigby, babu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mboga. Halafu akasema, "Mwanangu, hata ile ya wale vijana, kuna mtu aliishika akaiona nzuri."

Nilinyamaza. Ungenijibia nini hapo?

Kisha akanipa kitu ambacho sikuwa nakijua. Alisema mjomba akiwa mtoto alichonga bunduki ya mti, vile watoto wote wa kiume hufanya, akamnyooshea mama kifuani akisema "pa!" Babu, ambaye hakuwa mtu wa kuchapa, alimchapa siku hiyo na kuivunja ile bunduki kwa goti. Alimwambia nilibeba za kweli miaka mingi na sikuwahi kuinyooshea mtu, hata ikiwa haina kitu ndani. Yaani yule mzee aliyekuwa anasifu mbao ya Rigby kama mtu anayesifu ng'ombe wake ndiye huyo huyo hakuvumilia mchezo na kijiti.

Hiyo ndiyo nimekuwa nikiitafuna wiki nzima. Mimi nilidhani kuna pande mbili tu: kupenda bunduki au kuziogopa. Babu alifanya zote mbili kwa siku moja, na hakuona shida yoyote.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kuthamini ufundi wa bastola au bunduki iliyorekebishwa vizuri si dhambi. Ni kazi ya mikono kama kazi nyingine, na watu wanaoimudu ni wachache. Kumiliki ni jambo tofauti kabisa. Marekani wana haki hiyo kwenye katiba yao tangu 1791. Yetu ya 2010 haina kifungu kama hicho. Hapa ni leseni, unaomba, unachunguzwa, na inaweza kuchukuliwa. Hata fundi wa kuirekebisha lazima awe amesajiliwa, si jamaa wa Gikomba mwenye tupa na mikono myepesi. Na ukiigeuza iwe inamimina risasi mfululizo, hapo hatuongei ufundi tena, hiyo ni jela.

Halafu kuna kitu cha tatu, kuringa nayo, na hapo ndipo mimi nilianguka. Rafiki yangu hajawahi kuweka picha ya bastola yake mtandaoni. Akitoka uwanjani inarudi kwa sefu, na jirani zake hawajui kama anayo. Mimi nisiye na leseni ndiye nilikuwa napiga kelele.

Ile video nimeifuta. Najua wengine mtasema nimeogopa. Sawa. Leseni sitaomba, angalau si mama akiwa hai, na sioni kama nimepoteza kitu. Uwanjani nitarudi, nimemwambia mama, na akasema tu, "Simu iache nyumbani."

Nikiondoka alinipa kichupa cha shaba, kidogo kama kidole gumba. Babu alikuwa anakitumia kwa mafuta ya kusafishia bunduki, na mgeni mmoja alimwachia alipoenda. Kifuniko bado kinazunguka vizuri. Video ya wiki ijayo itakuwa ya hicho kichupa, na haitakuwa na mdundo.