Gari Aliloliacha Kaka



Mtu anaposikia neno mirathi, fikira zake huelekea kwenye nyumba, kiwanja na dhahabu ya mama. Lakini vitu vinavyotia fitina baina ya ndugu aghalabu huwa vidogo kuliko hivyo: saa ya mkononi, cherehani, au chombo ambacho marehemu alikipenda na kila mtoto ana kumbukumbu yake juu yake. Katika familia yetu kitu hicho kilikuwa gari dogo la viti viwili, lililoko Coventry, Uingereza. Suala lililozuka lilikuwa hili: je, yafaa kuing'oa injini yake na kulitia mota ya umeme?

Kaka yangu alihamia huko akiwa kijana, akafanya kazi ya ufundi katika mji ule uliojulikana kwa miaka mingi kwa viwanda vyake vya magari. Alipostaafu alinunua bodi ya faiba, faiba ile ile inayoundiwa boti zetu za mwendo wa kasi, iliyofinyangwa kwa sura ya Porsche 356 Speedster. Speedster yenyewe ilitoka mwaka 1954, baada ya Max Hoffman, mwagizaji wa magari wa New York, kutaka gari jepesi lisilo na anasa, litakalouzwa chini ya dola 3,000. Leo magari hayo ni adimu na bei yake haishikiki. Ndiyo sababu mafundi wakabuni nakala: bodi mpya ya faiba juu ya chesisi ya Volkswagen Beetle, gari ambalo watu wa rika langu hapa Mombasa wanalikumbuka vyema.

Wala nakala hiyo si uongo mtupu. Beetle ilibuniwa na Ferdinand Porsche, na mwanawe, Ferry, alipoanza kuunda 356 mwaka 1948, alitumia vipuri vingi vya Beetle. Injini zote mbili hukaa nyuma na hupozwa kwa upepo bila rejeta. Tofauti ni kwamba chesisi ya Beetle ni ndefu zaidi. Hukatwa, ikapunguzwa kiasi cha sentimita 30, kisha ikachomelewa upya. Kazi hiyo kaka aliifanya kwa mikono yake, majira mawili ya baridi. Hakumdanganya mtu. Aliyemuuliza alimjibu kuwa ni Beetle iliyovaa kanzu ya kuazima.

Alipofariki aliacha mke, mwana wa kiume na binti, na wasia ulioeleza kuwa mali yake igawanywe kifaraidhi. Mimi, nikiwa ndugu, sikuwa na fungu mbele ya mwana wa kiume. Kwa sababu hiyo wote waliniona nafaa kuwa msuluhishi. Gari likathaminiwa na mtu wa nje. Katika mafungu 24, mama alipata 3, mwana 14 na binti 7.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Nyoyo zilikuwa nzito. Mwana alitaka gari liuzwe kama lilivyo, akisema kuwa wapenzi wa magari hayo hununua mngurumo na harufu ya mafuta, na kwamba likitolewa injini bei itaporomoka. Binti, ambaye ni mhandisi wa umeme, hakutaka liuzwe. "Ami," aliniambia kwa simu, "gari halijatoka gereji tangu baba afariki. Petroli imeharibika tangini. Mama haiwezi klachi ile, na likikaa hivi litaoza mbele ya macho yetu." Shemeji yangu hakuegemea upande wowote. Alisema neno moja tu: sauti ya injini ile ndiyo iliyokuwa ikimjulisha kuwa mumewe ameingia mtaani, akainuka kuweka chai.

Nilimwambia binti asiguse hata skrubu moja mpaka kila mwenye haki aridhie. Mali ya shirika haibadilishwi na mmoja wa washirika, hata akiwa na nia njema na ujuzi mwingi. Baada ya wiki kadhaa walikubaliana. Binti atanunua mafungu ya nduguye kwa thamani iliyokadiriwa, kwa malipo ya kila mwezi, na makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi. Mama alibaki na thumni yake na akatoa masharti matatu: chesisi isikatwe, usukani na saa za mbele zisiondolewe, na injini isiuzwe.

Nilifika Coventry majira ya vuli ya mwaka 2024, kazi ikiwa imefika kati. Binti alikuwa amenunua Nissan Leaf iliyogongwa ubavuni, gari la umeme linalotengenezwa huko huko Uingereza, mjini Sunderland. Humo alitoa mota na betri. Betri ya Leaf za mwanzo ina vifurushi 48, kila kimoja chini kidogo ya kilo 4, na kwa jumla vilipokuwa vipya viliweza kuhifadhi kilowati-saa 24, yaani yuniti 24 kwa lugha ya mita zetu za tokeni. Baadhi ya vifurushi alivipanga mbele, palipokuwa na tangi la petroli, na vilivyobaki nyuma, ili uzito usielemee upande mmoja. Kwa kuwa betri ni nzito kuliko injini iliyotoka, springi na breki ziliimarishwa kwanza.

Giaboksi ya zamani ilibaki. Baina yake na mota palitiwa bamba nene la chuma, lililotobolewa matundu yanayolingana na vyote viwili, na masharti ya mama yakahifadhika, kwani halikukatwa lolote. Hata hivyo injini za Beetle za namna ile zilikuwa na nguvu za farasi wapatao 50, na mota ya Leaf ina zaidi ya 100. Ikiachiwa, itavunja meno ya giaboksi. Kwa hiyo binti aliiwekea mota mpaka katika programu yake, isitoe nguvu kuliko inavyovumilika.

Nawaomba vijana wetu wasome sehemu hii kwa makini. Vifurushi hivyo vikiunganishwa mfululizo hukaribia volti 400, na umeme huo huua. Binti alikuwa akivaa glavu za mpira maalumu, hagusi waya wa rangi ya chungwa kabla ya kuupima, na kila jioni alitoa plagi ya usalama inayoikata betri katikati na kuiweka mfukoni mwake. Hii si kazi ya kujaribia uani. Aliyesomea ndiye anayefaa kuifanya, na ikaguliwe na mwenziwe kabla ya gari kwenda kwenye ukaguzi wa barabara.

Nilimuuliza kama moshi haujahamishwa tu, kutoka nyuma ya gari hadi kwenye kituo cha umeme. Alinikumbusha kuwa tarehe 30 Septemba mwaka huo huo Uingereza ilikuwa imefunga kituo chake cha mwisho cha makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar. Nami nikafikiri kuhusu kwetu, ambako sehemu kubwa ya umeme hutokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Tayari Nairobi kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, na ambayo leo huitwa Roam, ilibadilisha magari ya kutembezea watalii kwa njia hii hii. Basi si jambo la Wazungu peke yao.

Siku gari lilipotoka, shemeji yangu ndiye aliyekaa kando ya binti, nami nikasimama kizingitini. Walizunguka mtaa mara moja. Waliporudi, shemeji alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Alisema kuwa miaka yote ile injini ilikuwa ikifunika kila kitu; sasa, katika ule ukimya, alisikia mlango wa upande wake ukigonga. "Mlango huu nilimwambia hakuufunga sawa," alisema, "naye akaapa kuwa uko sawa." Binti alitaka kuukaza papo hapo. Mama akamkataza.

Mwana alikuja Jumapili iliyofuata. Alilala chini ya gari na kupapasa mshono ambao babake aliuchomelea, akaukuta mzima. Hakusema kuwa amebadili rai yake, lakini aliomba funguo. Malipo yake yanaendelea kuingia kila mwezi. Injini imepakwa mafuta, imefungwa turubai na iko pembeni mwa gereji. Atakayekuja baadaye akitaka kuirudisha, ataweza, kwa kuwa hakuna kilichoharibiwa. Gari hutiwa chaji usiku kwenye soketi ya miguu mitatu kama hizi zetu, na huenda zaidi ya kilomita 100. Klachi haipo tena, na shemeji huliendesha mwenyewe hadi sokoni.

Ninayaandika haya kwa sababu katika nyumba zetu nyingi kuna chombo kilichofungiwa tangu mwenyewe alipofariki, na hakuna anayethubutu kukitaja. Kitajeni. Kithaminiwe, kila mrithi apewe haki yake, mjane aulizwe anachotaka kibaki, na mapatano yaandikwe. Yakishapita hayo, hapana ubaya kukibadilisha ili kitumike. Kaka yangu aliunda gari ili liendeshwe, na sasa linaendeshwa.