Walivyomlilia Walibora

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na hapa nataka kushuhudia jinsi maombolezo ya mwandishi Ken Walibora yalivyobadilisha kazi yangu.

Riwaya yake, Kidagaa Kimemwozea, ilitahiniwa katika mtihani wa KCSE kuanzia 2013 hadi 2017, nami niliifundisha miaka hiyo yote. Niliifundisha kama nilivyofundishwa fasihi mimi mwenyewe: ploti, maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha, kisha dondoo. "Eleza muktadha wa dondoo hili" ilikuwa kauli ya kila wiki. Anayejua maneno yamesemwa na nani, akimwambia nani, wapi na kwa nini, alama zake alikuwa nazo mkononi. Wengi waliusoma mwongozo kabla ya riwaya. Siku ya mtihani ilipopita, vitabu vilirudishwa stoo, na nikaamini yameishia hapo.

Kisha ikaja Aprili 2020. Ijumaa Kuu, tarehe 10, Walibora aligongwa na matatu katika Barabara ya Landhies, Nairobi. Alifikishwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akafa jamaa zake wasijue yuko wapi. Walimtafuta hadi tarehe 15, mwili ulipopatikana mochari. Jambo hilo liliniuma kupita yote. Huyu ndiye aliyetuandikia riwaya ya Siku Njema mwaka 1996, aliyetusomea habari za Kiswahili kwenye NTV, ambaye jina lake lilibebwa kwenye mikoba ya watoto nchi nzima. Naye akalala siku zote hizo bila wa kumtambua.

Tungekuwa katika nyakati za kawaida, tungemiminika Trans Nzoia kwa mabasi kumzika. Lakini korona ilikuwa imefunga shule tangu Machi, Nairobi haikuingiwa wala kutokwa, kafyu ilikuwa saa moja jioni, na mazishi yaliruhusiwa watu wachache tu. Matanga yakahamia kwenye simu.

Nami nilikuwa nyumbani simu ilipoanza kulia. "Mwalimu, ni kweli Walibora ametuacha?" Waliouliza ni watu niliowafundisha zamani, wengine sikuwa na namba zao. Yupo utingo wa lori aliyenitumia sauti kutoka Mariakani. Alitaka tuzungumzie mswada wa Amani katika Kidagaa, ule ulioibwa na Mwalimu Majisifu akauchapisha kwa jina lake. Alisema tangu kidato cha nne, kila akidhulumiwa ujira wake humkumbuka Amani, kijana mwenye kipaji anayechunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora huku jasho la kalamu yake likimletea sifa mtu mwingine. Kijana huyu darasani hakupata kuinua mkono hata siku moja.

Dada mmoja, muuguzi, aliniandikia kuhusu Imani wa riwaya hiyohiyo, anavyowatunza watoto wenye ulemavu nyumbani kwa Majisifu. Kwao pia kuna mtoto kama hao, mdogo wake, na alipokuwa shuleni hakumtajia mtu. "Mwalimu, kile kitabu kilimtaja kabla yangu," aliandika. Wengine walitunga mashairi. Vina vilipotea hapa na pale, mizani ikazidi, nami kwa mara ya kwanza sikuwa na hamu ya kusahihisha. Mama mmoja, mwenye umri kama wangu, alinipigia akalia tu. Yeye ni wa kizazi cha Siku Njema, amelelewa bila baba, na safari ya Kongowea wa riwaya hiyo kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake aliishika kama yake.

Niliwasikiliza siku nyingi. Hakuna hata mmoja aliyenitajia sifa za wahusika wala tashbihi. Walikuwa wamesoma kwa siri, chini ya pua yangu, kitabu kingine kabisa ndani ya kile nilichokuwa nikiwachambulia. Walibora aliandika kwa ajili ya kitabu hicho cha pili, nina hakika.

Shule zilipofunguliwa nilibadilisha mpango. Sasa riwaya yoyote ninayoifundisha tunaisoma kwanza yote, kwa sauti, kwa zamu, bila daftari mezani. Ninapoishiwa na vipindi, huomba vya jioni. Swali la dondoo haligusi darasa langu hadi ukurasa wa mwisho ufungwe. Wenzangu wengine walihofia silabasi, na hofu yao ninaielewa, maana mtihani haumngoji mtu. Ila mtoto aliyemlilia mhusika hahitaji kukaririshwa muktadha. Anaujua kama njia ya kwao.

Jambo la pili nimelifanya kwa fedha zangu. Nimenunua nakala za Walibora zisizo na mtihani wowote nyuma yake kwa sasa: Siku Njema, Ndoto ya Amerika, Kufa Kuzikana. Hii ya mwisho, yenye urafiki wa Akida na Tim unaopasuliwa na chuki za kikabila, naitamani isomwe na kila kijana Mkenya kabla ya kupiga kura yake ya kwanza. Nimeziweka kwenye kabati nyuma ya darasa, pamoja na Kidagaa, na ufunguo anakaa nao kiranja.

Kidagaa ilipisha riwaya ya Chozi la Heri mwaka 2018, kwa hiyo haina alama ya kumpa mtu. Juzi mvulana wa kidato cha pili ameikazia nakala pekee iliyosalia kabatini, na wasichana wawili wananijia kila asubuhi mlangoni mwa ofisi: "Mwalimu, mwambie arudishe!"